TAHADHARI: Seti za "mziki mnene wati 3000" zinazouzwa Tanga

Ndugu zangu wa Tanga mjini, na ninyi wa Muheza, Pangani na Korogwe mnaotumiwa mizigo kwa basi kutoka Kange: kuna tangazo linazunguka la "seti kamili ya mziki mnene, amplifaya wati 3000 na spika nne za inchi 12, laki sita na nusu, wahi zimebaki chache". Usitume hata senti kabla hujasoma hapa.

Mimi ni fundi redio Ngamiani. Seti hizi zinaletwa mezani kwangu moja baada ya nyingine, zimeungua mahali palepale, na kila ninayemuuliza kanunua wapi ananielezea mtu yuleyule. Jina lake siliandiki, na hata ningeliandika lisingewasaidia sana: laini anabadilisha, fremu anahama, leo Makorora kesho Mikanjuni. Mzigo wake ndio haubadiliki, kwa hiyo nawaonyesha mzigo.

Ya karibuni kabisa ni ya mzee mmoja wa Mabawa, mstaafu, aliyetaka kusikiliza taarabu na dansi la zamani kwa sauti iliyoshiba. Na ana haki yake. Huu ni mji uliotoa Atomic Jazz, Jamhuri Jazz na Black Star. Mtu kukaa barazani jioni na mziki unaosikika vizuri si anasa, ndivyo tulivyolelewa. Inaniuma kuona pesa ya mafao ya mtu mzima inaliwa namna hii.

Mashine yenyewe ni nzito, inabebwa kwa mikono miwili. Nilipofungua kifuniko nikakuta katikati kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi, hakuna waya unaoingia wala unaotoka. Kazi yake ni uzito tu, kwa kuwa wengi tunajua amplifaya nzuri huwa nzito kwa ajili ya transfoma. Transfoma ya kweli ilikuwa pembeni, inaenea kiganjani. Mbele yake aisii mbili, vile vipande vyeusi vinavyokuza sauti, zilizoandikwa TDA2030. Aisii hiyo, ikiwa halisi na imelishwa vizuri, hutoa wati 14 hadi 18 hivi. Kwa hiyo mashine yenye 3000 usoni, ikijikamua kabisa, inatoa wati thelathini na kitu kwa pande zote mbili.

Huhitaji bisibisi kuubaini uongo huo. Geuza mashine utazame fyuzi. Ya mzee imeandikwa 2A, yaani ampia 2. Umeme wetu ni volti 230. Zidisha kwa 2 unapata wati 460, na hicho ndicho kiwango cha juu ambacho mashine inaweza kuvuta ukutani kwa muda mrefu bila kukata fyuzi. Ikivuta 460 ikatoa 3000, hizo nyingine imezitoa wapi? Na hata hizo 460 hazifiki zote kwenye spika. Amplifaya za mtindo wa kawaida, unaoitwa daraja AB, hupoteza sehemu kubwa kwa joto, ndiyo maana zinakuwa na mabati makubwa ya kupoza. Za mtindo mwingine, daraja D, hupoteza kidogo. Vile vimashine vidogo vya adapta ni hesabu ileile: volti 12 mara ampia 5 ni wati 60, hata kama kava limeandikwa 600.

Ukimbana muuzaji atakwambia 3000 hiyo ni PMPO. Hiyo ni namba isiyo na kipimo kinachokubalika popote, mtu anaandika anachotaka. Ulizia RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaitoa mfululizo. Marekani walilazimika kuweka kanuni mwaka 1974, ya kwamba anayetangaza wati za amplifaya ya nyumbani ataje za mfululizo, kwa sababu ya namba za kutungwa kama hizi hizi.

Sasa spika. Boksi kubwa, kapeti jeusi safi, wufa moja (spika ya besi) na twita mbili (vispika vya sauti nyembamba). Twita moja haina waya. Niliivuta kwa vidole ikatoka na gundi yake, nyuma tupu. Sumaku ya wufa ukiitazama ni nene ajabu, lakini ukipitisha bisibisi inanasa sehemu ya mbele tu. Ya nyuma ni kifuniko cha plastiki kilichopakwa rangi ya chuma.

Yote hayo ni wizi, ila ubaya mkubwa uko kwenye omu, yaani kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme usipite. Hapa naomba msome taratibu.

Karatasi nyuma ya boksi inasema omu 8. Niliweka mita ya fundi, ile ya kupimia omu, ikasoma 3.4. Spika ya omu 8 ukiipima kwa mita ya kawaida husoma kati ya 6 na 7 hivi, maana mita inapima peke yake waya wa koili, ule uliozungushwa ndani ya spika. Ya omu 4 husoma tatu na pointi. Kwa hiyo hizi ni spika za omu 4 zilizobandikwa karatasi ya 8. Kisha mteja anaelekezwa afunge mbili kila upande, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Mbili za omu 8 zikifungwa hivyo zinakuwa omu 4, na mashine imeandikwa inavumilia kushuka mpaka 4, si chini ya hapo. Lakini mbili za omu 4 zinashuka hadi 2, na omu zikishuka nusu, mkondo unaodaiwa kwenye mashine unapanda mara mbili. Ni kumbebesha punda mmoja shehena ya punda wawili.

Kwa sauti ya chini itaimba, na ndivyo anavyokujaribishia pale fremuni: chumba kidogo, mlango umefungwa, nyimbo mbili, besi imepandishwa. Siku unapopandisha sauti nyumbani, transfoma inachemka na aisii inapasuka. TDA2030 halisi ina kinga ya joto ndani yake, hujizima yenyewe. Hizi za kuiga hazijizimi.

Mteja anamrudia. Anapokelewa vizuri, anapewa na soda, anaambiwa umeme ulikatika ukarudi na nguvu ndio umeunguza, garantii haihusiki. Matengenezo elfu themanini. Inawekwa aisii nyingine ya kuiga, spika zinabaki vilevile, na baada ya muda mfupi imeungua tena. Huyu mtu anauza kitu ambacho lazima kiungue, halafu anakula kwenye kukitengeneza. Kuna waliomlipa matengenezo mpaka yakakaribia bei ya seti.

Na msimpelekee mashine zenu nzuri. Nimepokea amplifaya za maana zilizopita kwake, zimetolewa transista zake halisi, vile vipande vinavyosukuma spika, na kuwekwa 2SC5200 na 2SA1943 za kuiga. Hizo ni namba za transista za Toshiba zinazoigwa mno. Kwa nje zimeandikwa vizuri, kwa ndani kipande kinachobeba mkondo ni kidogo sana kuliko cha halisi.

Kuna mzigo wake wa pili, nao nausema kwa uchungu kwa sababu mashine zenyewe ni nzuri kweli: amplifaya za mtumba zilizotengenezwa kwa soko la Japani. Huko umeme wa majumbani ni volti 100. Ukiichomeka ya volti 100 kwenye 230 zetu, ukipata bahati fyuzi inakata. Usipopata, transfoma inaungua na moshi unajaa sebuleni. Jamaa anakata plagi ya zamani, anafunga ya pini tatu ya kwetu, na pale nyuma palipoandikwa AC 100V anabandika stika ya fedha ya 220V. Pitisha ukucha kwenye kona ya stika. Ikinyanyuka, soma kilicho chini yake. Mashine hiyo inafaa kununuliwa, lakini na transfoma ya kushusha volti kutoka 230 hadi 100 yenye uwezo wa kuibeba, na bei ishuke kwa ajili hiyo.

Wengi wananiuliza, basi mtu anayependa mziki mkubwa anunue wati ngapi? Wachache kuliko mnavyodhani. Tazama kwanza spika imeandikwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi kwa wati 1 kwenye umbali wa mita 1. Ya desibeli 90, ukiipa wati 1 inatoa 90. Wati 10 inatoa 100. Wati 100 inatoa 110, na hapo sebuleni hamtasikilizana. Kutoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3 tu, masikio yanaona tofauti ndogo. Spika ya desibeli 97 kwa mashine ya wati 50 inalingana kwa sauti na spika ya desibeli 87 iliyopewa wati 500. Kwa hiyo pesa yako iweke kwenye spika. Kwa sebule za nyumba zetu, amplifaya ya kweli ya wati 50 RMS kila upande, na jozi moja ya spika za desibeli 90 kwenda juu za omu 8, inatosha na kubaki.

Linganisha wati za RMS za mashine na za spika ziwe karibu karibu, na omu za spika zisiwe chini ya zile zilizoandikwa nyuma ya mashine. Msiamini pia kwamba mashine ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa. Ikisukumwa kupita uwezo wake inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, na uchafu unaozaliwa hapo unakwenda kwenye twita, yenye koili nyembamba kama unywele. Ukisikia sauti inaanza kukwaruza, rudisha nyuma saa hiyohiyo.

Ukienda kununua kwa mtu yeyote, nenda na mita, ya bei rahisi inatosha. Pima kila spika mwenyewe. Sukuma koni, ile sehemu ya mbele inayotikisika, kwa vidole vya mikono miwili, polepole na sawasawa. Iende na kurudi bila kusugua. Jaribu kwa nyimbo zako unazozijua, si za kwake, na mashine iimbe nusu saa nzima huku unaigusa joto. Dai risiti ya EFD na umwambie aandike humo RMS na omu. Anayeuza kitu cha kweli ataandika. Huyu ninayemsema, akisikia neno risiti anakupa punguzo la elfu hamsini ili uliache, na hapo ujue uko naye.

Waliokwisha kuuziwa: msiichomeke tena, na msiirudishe kwake kutengenezwa. Piga picha karatasi za nyuma ya boksi na usoni pa mashine kabla hazijabanduka, hifadhi ujumbe wa malipo na sauti alizokutumia. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa, na malalamiko ya bidhaa feki hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Ya viwango yapelekwe Shirika la Viwango, TBS. Polisi pia nendeni, hasa mliotuma pesa na mzigo haukufika. Mkienda wengi kwa pamoja mna ushahidi unaofanana, na hilo lina nguvu kuliko mmoja mmoja.

Mwenye spika alizouziwa na mtu huyu azilete Ngamiani nizipime omu na nimwandikie nilichokuta, chenye tarehe na sahihi, akaambatanishe na malalamiko yake. Kwa kazi hiyo sitozi.