TAHADHARI: Muuzaji wa Ngamiani anayesema RAM hazichanganyiki, kisha anabaki na RAM yako nzima

Ndugu zangu wa Tanga mjini, hasa mnaofanya kazi za steshenari, studio na kuediti video, naomba mnisome mpaka mwisho. Kuna muuzaji wa vipuri vya kompyuta huku Ngamiani amechukua RAM yangu nzima (ile kadi ya kumbukumbu ambayo kompyuta hufanyia kazi ikiwa imewaka), akaniuzia mbili zenye stika za uongo, moja mbovu kabisa, na pesa juu akapokea. Jina lake na la duka siyaandiki hapa kwa sababu malalamiko nimeshayapeleka panapohusika na sitaki kuyaharibu. Lakini mchezo wenyewe nitaueleza wote, maana hata asipokuwa yeye, mwingine anaweza kukuchezea vilevile.

Mimi naediti video za harusi. Desktop yangu ni Core i5 ya kizazi cha nane, ile mitumba ya maofisini. Ina sloti mbili za RAM: moja ilikuwa na GB 8, DDR4 (yaani RAM ya DDR kizazi cha nne) ya spidi 2666, ya pili tupu. Nikifungua harusi yenye kamera tatu mashine inaanza kuhema. Nikaibeba CPU nikaenda kutafuta GB 8 nyingine ya kujazia ile sloti tupu. Basi, kazi ya dakika kumi.

Jamaa akachomoa RAM yangu, akaigeuza huku na huku, akatikisa kichwa. "Dada, hii yako ni Samsung, mimi ninazo za kampuni nyingine. Ukichanganya RAM mbili zisizo pacha unaunguza mazabodi. Nakuonea huruma tu." Akanipa njia: nimwachie yangu kwa elfu 30, anipe pacha mbili mpya za 2666, seti moja, kwa laki moja na nusu. Nikatoa laki moja na elfu ishirini. Nilikubali kwa sababu niliogopa. Mazabodi, ile bodi kuu ya mashine, ikiungua riziki yangu imesimama, na yeye hilo alilijua.

Maneno yale ni uongo. RAM mbili za kampuni tofauti, au za spidi tofauti, zikiwa za kizazi kimoja na za umbo moja, hazichomi mazabodi. Kila kadi ya RAM ina kichipu kidogo kinachohifadhi habari zake: ukubwa, spidi inazoweza, muda wa kusubiri, umeme inaohitaji. Mashine ikiwaka inasoma habari za kadi zote mbili, kisha inachagua mwendo ambao zote zinauweza. Ukiweka ya 2666 pamoja na ya 2133, zote zitakwenda 2133, ile ya haraka inamsubiri mwenzake. Ni kama watu wawili waliobeba mzigo kwenye mti mmoja, mwendo ni wa yule mzito. Mara chache zinagoma kuelewana, mashine haiwaki au inajizima. Hapo unachomoa moja na maisha yanaendelea.

Kisichochanganyika ni vizazi. DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, pengo la chini limewekwa mahali tofauti makusudi, na umeme wake ni tofauti pia: DDR3 inatumia volti 1.5, DDR4 inatumia 1.2. Fundi akikulazimishia kwa kidole gumba, mwondoe mkono haraka. Wenye laptop za Core i za kizazi cha nne nanyi angalieni, hizo zinataka DDR3L ya volti 1.35. Ile ya 1.5 inaingia vizuri kabisa kwenye sloti, lakini mara nyingi mashine haitawaka nayo. Na zipo DDR3 za bei rahisi mno za desktop zinazofanya kazi kwenye mazabodi za AMD peke yake, ukiweka kwenye ya Intel unabaki na kioo cheusi. Hayo ndiyo ya kuogopa. Samsung na kampuni nyingine kukaa sloti jirani si jambo la kuogopa.

Nirudi kwenye kilichonikuta. Mashine iliwaka, Windows ikaonyesha GB 16, nikafurahi. Siku ya nne ikaja skrini ya bluu. Nikasema labda umeme. Ikaja tena. Kisha nikamaliza harusi moja ya Makorora, nikairenda (nikaitoa iwe video kamili), nikaitazama: katikati ya zafa picha inavunjika vipande vya kijani, sauti inakatika. Nikarudi kwenye faili za kamera nilizokuwa nimezihamishia kwenye diski, klipu tatu hazifunguki kabisa. Kadi ya kamera nilikuwa nimeshaifuta kwa ajili ya kazi nyingine. RAM mbovu inafanya hivyo: faili likihamishwa linapita kwenye RAM, likiharibikia hapo linaandikwa kwenye diski likiwa limeshaharibika, wala hakuna onyo. Mama wa bibi harusi aliponipigia kuuliza "mwanangu, mbona siioni sehemu wanangu wanaingia ukumbini?" nilikosa la kumjibu.

Nilimrudia muuzaji. Akaniambia ni hewa ya Tanga, chumvi ya bahari imeotesha kutu sloti zangu. Chumvi inaweza kweli kuchafua miguu ya dhahabu ya RAM, kwa hiyo sikumbishia. Nikaenda nyumbani nikaisugua miguu kwa ufutio wa penseli, nikapuliza sloti, nikarudisha. Skrini ya bluu ikarudi siku ileile.

Ndipo nikazichomoa zote mbili nikazilaza kwenye kanga nyeupe, nikawasha tochi ya simu. Stika zote zimeandikwa sawa: 8GB 1Rx8 PC4-2666V. Hiyo 1Rx8 si pambo. Kwa RAM ya kawaida ya desktop inamaanisha safu moja ya chipu nane. Ya kwanza nikahesabu, nane, upande mmoja, sawa. Ya pili ilikuwa na chipu nane mbele na nane nyuma, kumi na sita. Kadi yenye chipu kumi na sita za namna hiyo stika yake huandikwa 2Rx8. Yaani aliyebandika stika hakujisumbua hata kuhesabu. Nikatazama pembe ya stika ya ile ya kwanza, karatasi imenyanyuka kidogo na chini yake kuna karatasi nyingine. Nikaibandua taratibu kwa ukucha. Chini imeandikwa 2133P.

Nikafungua programu ya CPU-Z, ni ya bure, ukurasa wa SPD. Ndiyo inayosoma kile kichipu nilichokieleza. Sloti ya kwanza: kampuni moja, 2133, imetengenezwa 2016. Sloti ya pili: kampuni nyingine kabisa, 2400, ya 2017. Hao ndio "pacha wapya wa seti moja". Mtu aliyenitisha nisichanganye RAM aliniuzia RAM zilizochanganywa, zote za polepole kuliko ile niliyomwachia.

Hapa nitende haki, msije mkamtuhumu muuzaji mwema. Ukurasa mwingine wa CPU-Z, ule wa Memory, unaonyesha nusu ya namba ya kwenye stika. RAM ya 2666 itasomeka kama 1333. Si wizi huo, DDR inapitisha data mara mbili kwa kila pigo moja la saa, ndiyo maana namba inazidishwa. Vilevile stika nyingine zinaandika PC4-21300 badala ya 2666. Ni kitu kilekile: 2666 mara baiti 8 ni kama megabaiti 21,300 kwa sekunde. Ya 2133 ni PC4-17000. Na kuna mashine ambazo prosesa yake haifiki 2666, ukiweka RAM hiyo itashuka hadi pale mashine inapoweza. Kwa hiyo usimkunjie mtu shati kwa namba inayoonyeshwa na Task Manager ya Windows peke yake. Angalia SPD.

Na nisiseme uongo kuhusu spidi: kwa mtu wa kuchapa barua na kujaza fomu za vyuo, 2133 na 2666 hataona tofauti. Kilichoniumiza si hiyo. Usiku niliweka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, nikapima kadi moja moja, maana ukipima zote pamoja hujui mgonjwa ni yupi. Ya 2133 ilipita raundi zote nne bila kosa. Ya 2400, kabla hata raundi ya kwanza haijaisha, mistari myekundu ilikuwa imejaa kioo. RAM haina kosa moja la kusamehewa. Likionekana hata moja, hiyo kadi haifai kwa kazi ya mtu.

Nilimpelekea picha ya kioo. Akasema mali ikishatoka dukani hairudi. Risiti aliyonipa ni kikaratasi cha mkono kilichoandikwa "RAM 2". Hapo kosa langu nalikiri: sikudai risiti ya EFD, sikuandikisha kampuni, spidi wala namba za kadi. Nanyi msiondoke dukani bila hivyo, na kabla hamjamwachia fundi CPU au laptop, ifungueni mbele yake mpige picha stika ya RAM mliyokuja nayo, namba isomeke. Mwambie muuzaji awashe CPU-Z palepale. Mwenye mali safi hatakataa, ni dakika mbili. Stika za uongo ni bidhaa bandia, na malalamiko ya bidhaa bandia yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC.

Kitu kingine kinachonitia wasiwasi ni wakati wenyewe. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. RAM ya mtumba iliyokuwa inatupwa droo sasa ni pesa, na tamaa ya kubandika stika itaongezeka. Ukiambiwa "niachie hiyo yako, haichanganyiki", chukua yako uondoke nayo.

Sasa hivi mashine inakwenda na ile ya 2133 peke yake, GB 8, nilikotoka. Harusi ya Makorora naitengeneza upya kwa klipu za simu nilizoomba kwa wageni.

RAM yangu ni Samsung GB 8 ya desktop, PC4-2666V. Mwaka jana nilipoisafisha niliitia nukta ya rangi ya kucha nyekundu ukingoni, upande wa kulia, juu ya pengo la kushikilia. Ukiuziwa yenye nukta hiyo hapa Tanga, tafadhali niandikie. Sikunyang'anyi, nataka tu kujua aliyekuuzia ni nani na alikwambia nini.