Uzoefu wangu: bweni lisilo na kilevi, na nilivyolipata

Mimi si mtu wa pati. Muziki wa kutetemesha kuta unanichosha, na saa 4 usiku huwa nimeshalala. Nilipokuwa natafuta chuo Marekani, kila niliyemweleza alinijibu, "Utazoea." Sikutaka kuzoea.

Chuo cha kwanza kilinitembeza Jumanne asubuhi: maktaba imejaa, bustani kimya, nikakipenda. Nikarudi Ijumaa kulala kwa mwanafunzi mwenyeji. Saa 8 usiku mtu alikuwa anasukumasukuma mlango wetu akidhani ni chumba chake, na kulipokucha sinki la bafuni lilikuwa limeziba kwa matapishi. Nilikifuta kwenye orodha nikiwa bado ndani ya basi. Tangu hapo sikuamini tena ziara ya siku za kazi.

Nikageukia takwimu. Vyuo vingi vya huko hujaza fomu iitwayo Common Data Set. Sehemu F huonyesha asilimia ya wanafunzi walio kwenye vyama vya herufi za Kigiriki (fraternity na sorority, vyama vya kijamii vinavyojulikana kwa pati), na wangapi wanaishi mabwenini. Asilimia ya walio kwenye vyama hivyo ikiwa kubwa na mji wenyewe mdogo, wikendi huna pa kukimbilia. Kuna pia ripoti ya usalama ambayo sheria ya Clery ya 1990 inavitaka vyuo kuitoa kila mwaka kabla ya Oktoba 1 kupita, ikiwa na hesabu za miaka 3 za waliokamatwa au kushtakiwa kinidhamu kwa makosa ya pombe. Isome kwa makini: hesabu ndogo huenda ikamaanisha tu kwamba wasimamizi wanafumba macho.

Mwishowe nilichagua chuo cha kawaida, chenye sherehe zake, ila kina bweni ambalo kila mkazi hutia saini kutoingiza pombe wala sigara, hata aliyetimiza miaka 21, umri wa kuruhusiwa pombe kisheria huko. Hilo nalipa nyota 5. Niliogopa kukuta watu wapweke, kila mmoja kajifungia chumbani. Ijumaa ya kwanza nikakuta sita jikoni wanabishania karata, mmoja anaunguza mkate kwa kucheka. Kuna aliyekuja kwa ajili ya dini, kuna ambaye pombe ilimharibia baba, na wengine tulitaka usingizi tu. Hakuna aliyedaiwa maelezo.

Kasoro ipo. Nafasi ni chache, kwa hiyo omba siku ileile unayojaza fomu ya makazi. Tena kanuni inahusu jengo, haimfuati mtu nje. Wawili walioandikishwa humo na wazazi wao walikuwa wanarudi usiku wa manane wakiimba kwenye ngazi, na msimamizi wa ghorofa alichukua wiki 3 kulishughulikia, katikati ya mitihani yangu. Iliniuma sana.

Mwaka wa pili nimeomba humohumo, chumba cha upande wa nyuma, mbali na ngazi.