Seti za kuchapa kadi kwa skrini: ulizia wavu kabla ya wino

Idi na Krismasi zikikaribia, malalamiko ya wanaochapa kadi nyumbani ni yaleyale: tundu la herufi "a" limezibwa na wino, kadi imejikunja, na kesho yake rangi bado inachafua vidole. Wengi hulaumu wino. Mimi nalaumu wavu, yaani ile skrini: kitambaa chembamba kilichokazwa kwenye fremu, ambacho wino husukumwa kupitia matundu yake hadi kwenye karatasi.

Seti nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa ajili ya fulana. Wavu wake ni 43, yaani nyuzi 43 kwa sentimita. Kwa kipimo cha Marekani huandikwa 110, ambacho ni kwa inchi. Kitambaa hunywa wino mwingi, karatasi hainywi. Kadi inataka wavu wenye nyuzi nyingi zaidi, unaopitisha wino kidogo: 77 hadi 90 (200 hadi 230 kwa inchi).

Kinachoudhi ni kwamba boksi litakutajia idadi ya rangi na vipande vyote, nambari ya wavu hakuna. Ukiuliza, unajibiwa "ni ya kawaida". Kwa bei wanazotoza, mnunuzi anastahili jibu la kweli. Basi pima mwenyewe: chora mistari miwili iliyoachana milimita 5, laza wavu juu yake, piga picha ya karibu kwa simu, uhesabu nyuzi. Zikiwa 21 au 22, hiyo ni ya fulana. Zikiwa 38 hadi 45, lipa.

Chaguo langu la kwanza ni Speedball, kampuni ya Marekani, ila si seti yao ya fulana. Chukua fremu yao yenye wavu wa 230 (kwa inchi) peke yake na wino wao wa akriliki, ule wa karatasi. Emulsheni yao (dawa inayopakwa kwenye wavu na kukazwa kwa mwanga ili kuacha umbo la picha) ikishachanganywa na diazo, kemikali inayoifanya ihisi mwanga, hudumu wiki 4 kwenye joto la nyuzi 32 za Selsiasi, na miezi 4 kwenye friji. Kwa joto la Dar au Mombasa, iweke kwenye friji siku hiyohiyo.

La pili ni fremu ya fundi: mbao kavu, wavu wa poliesta 77 au 90. Bonyeza katikati kwa kidole. Wavu ukibonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea, kataa. Wavu uliolegea haunyanyuki kutoka kwenye karatasi baada ya skwiji (ubapa wa mpira wa kusukumia wino) kupita, na picha inapakaa. Hata uliokazwa vizuri uinue milimita 2 au 3 kwa vipande vya kadi chini ya pembe za fremu. Mafundi wengine huchanganya gundi na baikromati, kemikali nyingine ya kuhisi mwanga, badala ya diazo. Hiyo ni sumu, usiiingize nyumbani.

Print Gocco, mashine ndogo ya nyumbani ya kampuni ya Riso, iliyotumika sana Japani kwa kadi za mwaka mpya, bado huuzwa mitumba kwa bei kubwa. Iache: mashine iliacha kuuzwa 2008, na balbu zake hutumika mara moja tu.

Seti za bei ya chini kabisa, zenye stensili (umbo lililokatwa) ya plastiki, zinafaa maumbo makubwa kama nyota na mwezi. Maandishi, hapana.

Karatasi iwe ya gramu 250 kwa mita ya mraba au zaidi, isiyong'aa. Na diazo usinunue bila tarehe ya mwisho kwenye chupa. Muuzaji akiwa ameibandua, mrudishie palepale.