Jumapili Ngong Racecourse: kama hujawahi enda soma hii kwanza

Haya wale mnaniuliza kuhusu mbio za farasi pale Ngong Road, Nairobi, nimeenda mara kadhaa sasa na naipenda. Kutoka tao panda matatu ya 111, mwambie konda akushushe Racecourse. Mbio huwa Jumapili lakini si kila Jumapili, kwa hivyo cheki ratiba ya Jockey Club of Kenya (ndio wanaosimamia mbio) kwanza usiende kupata tu watu wanacheza gofu, maana uwanja wa gofu uko huko huko ndani ya njia ya farasi.

Sasa siri ni hii, usikae jukwaani siku nzima. Kabla ya kila mbio nenda pale farasi wanapozungushwa, unawaona karibu kabisa, unaona nani ametulia na nani tayari anatoka jasho na hata hajakimbia, halafu ndio unaenda kuweka dau. Mimi nilichagua mmoja juu ya jina tu akamaliza wa mwisho, shauri yangu.

Mahali penyewe pako toka 1954, jukwaa ni la kizamani lakini unaona vizuri. Watoto wanafurahia sana, nyasi ni nyingi. Beba kofia na sweta pia, ile baridi ya Ngong jioni haina mchezo.

Ukiweza, enda siku ya Kenya Derby, ile mbio kubwa ya mwaka, mita 2400, farasi wa miaka mitatu, watu wamevaa kama wako harusini. Nyota nne.