Kung'oa Hita ya Porsche 911 ya Kupozwa kwa Hewa: Ununue Nini, na Ukatae Nini

Malalamiko ya wasomaji wenye 911 za zamani yanafanana kama mapacha: nimeng'oa hita, gari limekuwa jepesi, mlio ni mtamu, ila mshale wa joto la oili unapanda kuliko ulivyokuwa ukipanda. Msomaji mmoja wa Nyali akanitumia picha. Mabomba mapya ya chuma cha pua yanang'aa. Juu yake, kwenye kava ya feni, ule mdomo uliokuwa ukipeleka hewa kwenye hita umezibwa kwa kifuniko cha kopo la rangi na silikoni, na nusu ya silikoni imeshabanduka. Ukiweka kiganja pale injini ikiwa inanguruma, unapepewa.

Hewa hiyo inayokupepea ilitakiwa iwe kwenye silinda.

Hita ya gari hili haitumii maji. Feni ya injini hupuliza hewa ya kupoza silinda sita, na sehemu ya hewa hiyo huchepushwa kwenda kwenye masanduku yanayozunguka mabomba ya ekzosi. Huko hupata moto, kisha hupita kwenye mifereji ya pembeni mwa bodi hadi miguuni kwa dereva. Kutu ikitoboa bomba ndani ya sanduku, moshi wenye kaboni monoksidi hupita njia hiyohiyo, na oili ikivujia sanduku unainusa kutwa. Kwa hiyo anayeng'oa simlaumu, hasa wa Pwani. Wa Limuru na afikirie mara mbili, maana hita ndiyo inayofuta ukungu kwenye kioo cha mbele, na Julai ya kule mnaijua.

Habari za uzito na nguvu za farasi siziandiki; kila muuzaji atakuimbia hizo bila kuombwa. Swali langu ni hili: matundu unaziba na nini?

Maana matundu yenyewe ni ya aina tatu. La kwanza ni huo mdomo wa kava ya feni, mmoja au zaidi kutegemea mwaka wa gari. Feni ya 911 huzunguka kwa kasi kuliko krenki yenyewe, kwa hiyo ukikanyaga mafuta kizibo cha kubandika kinasukumwa hadi king'oke. La pili ni kwenye mabati yanayotenga juu na chini ya injini, pale hozi zilipokuwa zikishuka. Ukiliacha wazi, joto la ekzosi linapanda juu na feni inalivuta na kulirudisha kwenye silinda. La tatu ni midomo ya mifereji kwenye bodi, huko nyuma. Hapo zinaingia harufu za injini, vumbi la murram, na panya kama gari unalilaza wiki nzima. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi na inapoza kidogo kuliko ya Mombasa. Huna hewa ya kuchezea.

Basi, mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza nawapa watengenezaji SSI, na upendeleo siufichi. Mtaniambia SSI ni masanduku ya hita, si mabomba matupu. Najua. Ni masanduku ya chuma cha pua yaliyofuata umbo la yale ya 911 za kabla ya 1975, ambayo injini inayapenda kuliko yaliyokuja baadaye. Unatoa ile blowa ya umeme kwenye chumba cha injini, unatoa hozi, unaziba matundu, na masanduku unayaacha mahali pake midomo ikiwa wazi yapitishe upepo. Faida yake wengi hawaioni: lile ganda la nje linakinga vibomba vya kurudisha oili na kava za valvu za chini zisichomwe na bomba tupu. Oringi za vibomba hivyo, yaani pete za mpira za kuzuia oili, zikikauka, oili inadondokea ekzosi, na ule moshi uliodhani umeukimbia unakufuata kila unaposimama kwenye foleni. Na ukiuza gari kwa mtu wa Nyeri, hita inarudi.

Kasoro yake ni mfuko. Kwenye 911 za baadaye, SC au Carrera 3.2, hununui SSI peke yake. Unahitaji sailensa ya mtindo wa zamani yenye milango miwili, na mabomba ya oili ya upande wa kulia nayo yabadilishwe. Muuzaji atakutajia bei ya masanduku tu. Hayo mengine utayajua injini ikiwa imeshushwa na fundi ameshakula advansi.

Nafasi ya pili ni mabomba matupu ya chuma cha pua, kipenyo cha inchi 1⅝ kwa injini ya lita 3.0 ya barabarani. Usishawishiwe ununue manene zaidi. Yatakunyima nguvu kwenye mizunguko ya chini, na hiyo ndiyo unayoihitaji ukiwa nyuma ya lori pale Mazeras. Kabla ya kulipa, taka picha ya flanji, lile bapa la kufungia bomba kwenye injini, ikiwa na rula ya chuma juu yake. Mwanga ukipenya chini ya rula, flanji imepinda kwa moto wa kuchomelea na gasketi haitaiokoa. Weka ngao ya joto kwenye vile vibomba vya oili, na hili si la hiari.

Nafasi ya tatu ni masanduku ya hita ya Dansk, kwa anayetaka kubaki na hita yake ila ya zamani imeoza. Chukua ya chuma cha pua, si ya chuma cha kawaida, chumvi ya Pwani haina huruma.

Mabomba ya bei rahisi ya mnadani na ya kuchomelewa mtaani: kwa gari la mbio za jioni moja, sawa.

Utakachonunua chochote, tenga pesa za stadi, zile skrubu zinazoshika ekzosi kwenye injini. Ni za milimita 8, zimekaa kwenye moto miaka arobaini, na nati nyingine zimejificha ndani ya sanduku zikifunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita. Fundi asiyepasha moto kwanza atazikata. Kisha atakulipisha kuzikata na atakulipisha kuzitoboa.

Sasa wauzaji. Tangu Vic Preston Junior amalize wa pili kwenye mbio za Safari Rally za 1978 na 911 SC, nchi hii haijapungukiwa wapenzi wa gari hili, na walioko ng'ambo wanalijua hilo. Wanakuuzia seti nzima ya kung'oa hita, unafungua boksi: mabomba, basi. Gasketi hamna, nati hamna, vizibo hamna. Na vizibo ni vipande vya alumini vinavyotosha kiganjani! Ukiviagiza peke yake, nauli inazidi bei ya bidhaa, halafu VAT ya asilimia 16 inahesabiwa juu ya bei, nauli na ushuru kwa pamoja. Hapo ndipo watu wanaporudi kwenye kopo la rangi, nami siwacheki.

Wa nyumbani nao wana yao. Kuna madalali wanaokufuata gereji wakati masanduku yako ya zamani yako sakafuni, wakayapima kwa kilo kama chuma chakavu. Masanduku ya asili yasiyotoboka yana wateja Ulaya wanaoyatafuta kwa tochi. Usiuze kabla hujayamwagia maji ndani ya bomba, sanduku ukiwa umelishika wima: maji yakitokea kwenye ganda, dalali na achukue; yasipotokea, yafunge kwenye gunia kavu uyaweke juu ya kabati. Na barua ya kuagiza iwe na mstari huu mmoja: nitumieni picha ya vizibo vikiwa ndani ya boksi. Asiyejibu, pesa yako ibaki M-Pesa.