Bel Air ya 1957 kwa kipimo cha 1:18, chini ya jicho la fundi wa bodi

Kazi yangu ni kunyoosha bodi za magari hapa Kamalondo, Lubumbashi, kwa hiyo hata gari dogo la kuweka kabatini nalikagua kama la mteja: naanza na mistari ya milango. Hii Chevrolet Bel Air ya 1957 niliipata kwenye duka dogo karibu na Poste. Mama mwenye duka alitaka dola 90, tukaelewana 70. "Papa, hii si ya watoto," aliniambia. "Shika kwanza usikie uzito." Nikashika. Ni nzito kweli.

Uzito huo ni wa zamaki, mchanganyiko wa metali. Karibu yote ni zinki, ikiongezwa alumini kama asilimia 4, na shaba na magnesiamu kidogo. Zinki sisi watu wa Katanga tunaijua, mgodi wa Kipushi si mbali. Huyeyushwa ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, ndiyo maana mikunjo ya bodi imetoka mikali hivi. Gari la kweli lilikuwa na urefu wa mita 5.08, ukigawa kwa 18 unapata sentimita 28 na kidogo, na futi yangu imesema hivyo hivyo.

Nilipotulia zaidi ni nyuma, kwenye pezi la kushoto, ile sehemu ya bodi inayochomoza kama pezi la samaki. Wamarekani wale walificha mdomo wa tangi la petroli nyuma ya urembo wa kromu mwishoni mwa pezi; asiyejua angezunguka gari lote akiutafuta. Kwenye hii ndogo haufunguki, lakini mstari wa kifuniko umechongwa mahali pake, mwembamba, umenyooka. Aliyechonga kalibu aliliangalia gari la kweli, si picha peke yake. Mbele, kwenye boneti, kuna V ya dhahabu. Alama hiyo walipewa wenye injini ya V8, ya silinda nane, tu; wa silinda sita hawakuipata. Nikafungua boneti: V8 ipo, imepakwa rangi ya chungwa kama ilivyotoka kiwandani. Katika gari halisi, V8 kubwa ya mwaka ule ilikuwa ya inchi za ujazo 283, yaani lita 4.6 hivi. Nimeona nyingine za bei rahisi zenye V nje na kipande cha plastiki nyeusi ndani. Hapana, hiyo sinunui.

Sasa kasoro. Bawaba za milango ni minene na imepinda kama kiwiko. Ukifungua mlango ndiyo jambo la kwanza unaloona. Mlango wa kulia una mwanya chini ambao kwenye garaji yangu usingetoka. Na mbele imeinuka mno. Mwaka 1957 Chevrolet walitoka kwenye rimu za inchi 15 wakaja kwenye 14 ili gari lilale chini, na umbo lake lote linategemea kulala huko. Kuliinua ni kuliharibia sura, na hilo linaniuma kuliko bawaba.

Mkinunua, msiiache imekaa kwa matairi yake miaka juu ya plastiki ile ya boksi. Mafuta ya matairi laini hutoka polepole yakala plastiki. Weka kipande cha mbao chini ya chasi, matairi yaning'inie. Kiangazi vumbi letu jekundu litaingia hata kabatini: toa kwa burashi laini ya kupakia rangi, kamwe si kitambaa, maana kitambaa kinaburuza mchanga juu ya rangi.

Kwa dola 70 naipokea kwa moyo wote; kwa 90, na mwanya ule, nisingetoa. Dukani imebaki ya bluu. Mwombe mama aitoe kwenye boksi, ufungue mlango wa kulia na kuufunga kabla hujataja bei.