Metrodome na Target Field: nimekaa chini ya paa, nimekaa chini ya anga

Nawashabikia Minnesota Twins, timu ya besiboli, tangu nilipohamia Minneapolis kutoka Mombasa, na nimewatazama katika viwanja vyote viwili. Hukumu yangu naitoa mapema: besiboli ni mchezo wa nje. Target Field naipa nyota tano, Metrodome tatu.

Metrodome ilikuwa nyumba yao kuanzia 1982 hadi 2009. Paa lake lilikuwa kitambaa cheupe cha nyuzi za kioo, na halikuegemea nguzo yoyote. Lilishikiliwa na hewa tu, iliyopulizwa ndani na feni kubwa bila kukoma. Hewa hiyo ulikutana nayo mlangoni wakati wa kutoka: ilikusukuma mgongoni, kofia ikaruka. Watoto walifurahi ajabu. Ndani hapakuwa na mvua, upepo wala theluji ya Aprili, na kwa mtu wa pwani hilo si jambo dogo.

Halafu kelele! Sauti ilipanda, ikagonga paa, ikaturudia. Mpira ukipaa juu ulipotelea kwenye weupe wa paa, na wadakaji wageni walibaki wamekodoa macho. Fainali za 1987 na 1991 sikuzikuta, lakini kila shabiki wa hapa anazo kichwani: Twins walishinda mechi zote za nyumbani, wakafungwa zote za ugenini, na makombe yote mawili yakabaki Minnesota. Naamini kabisa paa lile lilichangia.

Kukaa humo kwa muda wa saa tatu, hata hivyo, kulichosha. Uwanja ulitumika pia kwa futiboli ya Kimarekani, kwa hiyo viti vingi vya pembeni havikumtazama mpigaji. Shingo iligeuzwa mchezo mzima. Nyasi za plastiki. Ukuta wa kulia, plastiki iliyoning'inizwa. Kilichoniuma zaidi ni jioni za Julai. Baridi ya huku ni ndefu mno, na siku za joto zikifika watu hawataki hata kula ndani. Sisi tulikuwa tumejifungia chini ya taa.

Target Field ilifunguliwa Aprili 2010, na Twins wakaifunga Boston 5-2. Nyasi ni za kweli na kuta ni za mawe ya chokaa yaliyochimbwa Minnesota. Malango yana namba za jezi za magwiji. La 34 ni la Kirby Puckett. Gongo likipiga mpira, mlio ni mkavu na safi. Upepo nao una kauli yake: pigo ulilodhani limevuka uzio linarudishwa mkononi mwa mdakaji. Besiboli haina dakika tisini, mechi huisha inapoisha, na nje unauona muda huo ukipita. Kivuli kinatambaa uwanjani, anga linabadilika rangi, taa zinawaka.

Mvua ikinyesha, mchezo husimama na nyasi hufunikwa turubai. Nimesubiri hivyo na sikujuta.

Ukija mara ya kwanza, chagua mechi ya jioni ya Juni au Julai, keti juu upande wa beisi ya tatu (kushoto, ukitazama uwanja kutoka kwa mpigaji) uyaone majengo ya katikati ya jiji, na panda treni ya umeme, kituo kipo hapo hapo uwanjani. Ukija Aprili, vaa kana kwamba ni Januari.